Mfinyanzi Asilie Gaeni: Somo juu ya Mama Mkristo na Jiko Lake



Somo letu la safari hii limewalenga kwanza akina mama wa nyumbani, lakini akina baba wasifunue ukurasa na kupita. Sehemu yao ipo, tena si ndogo. Twaomba kila msomaji awe na Biblia karibu, na kalamu pia, kama tulivyozoea darasani. Mafungu ya kusoma ni haya: Wimbo Ulio Bora 1:6, Mithali 31:10-20, 1 Wafalme 17:8-16, Luka 10:38-42, Marko 5:35-43, na Yohana 21:1-14. Yafaa kuyasoma nyumbani kabla ya kukutana katika kikundi.

1. SHAMBA LA WENGINE NA SHAMBA LETU

Katika Wimbo Ulio Bora twamkuta binti mmoja ambaye jua limemchoma hata rangi yake ikageuka. Anaeleza sababu: nduguze walimkasirikia, wakamweka kulinda mashamba ya mizabibu ya watu, na katika kuyalinda hayo, shamba lake mwenyewe hakulilinda. Wahubiri wengi hupita mstari huu upesi, kwa kuwa kitabu chenyewe ni cha mapenzi ya bwana arusi na bibi arusi. Lakini mama wa Ruaha Mbuyuni hahitaji mfasiri. Jua la bonde letu analijua, na kulinda shamba la mwingine analijua.

Tuitazame siku yake. Anaamka kabla ya alfajiri, anateka maji, anafagia, anawasha moto. Kabla jua halijawa kali yuko katika majaruba ya vitunguu, anapandikiza au anapalilia. Pengine la kwake, pengine ni kibarua katika la mtu mwingine. Zamu ya maji ya mfereji ikimwangukia, hana budi kuifuata, iwe mchana au usiku. Jua likipanda anakuwa kando ya barabara kuu na vitunguu vyake, ubuyu wake au nyanya zake, akiyangoja mabasi na malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Mwingine ni mama lishe: amewapikia wali na nyama madereva kabla hawajaanza kuupanda mlima Kitonga. Jioni anarudi nyumbani miguu ikimwuma. Moto umezimika. Mtoto mdogo ameshinda na dada yake wa miaka saba, na bakuli la ugali wa jana.

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Yule afinyangaye vyungu vya kijiji kizima, chakula chake mwenyewe anakilia katika kigae. Methali hiyo inaeleza yalivyo. Haisemi kwamba ndivyo ipasavyo kuwa.

Basi neno letu katika somo hili ni moja: jiko la nyumbani ni shamba la kwanza ambalo Mungu amewakabidhi mama na baba Wakristo, na kuwalisha wengine hakumwondolei mtu wajibu wa kumlisha mtoto wake na nafsi yake. Yote yatakayofuata yanatoka katika neno hilo.

2. GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Mkoa wa Iringa umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Wale waliosoma miaka ya 1980 watakumbuka mikoa minne iliyosifiwa kwa mahindi: Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Hata leo malori yanashuka Kitonga yakiwa na mahindi, viazi na mbao, na hapa kwetu yanaongezewa vitunguu.

Lakini uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha jambo la kutuinamisha vichwa. Katika Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao. Katika mkoa wa Iringa walikuwa 57 katika kila 100. Hakuna mkoa uliokuwa na hesabu mbaya kuliko hiyo. Jirani zetu wa Njombe na wenzetu wa Rukwa, ambao nao wanavuna sana, walikuwa kama nusu ya watoto wao.

Tuelewe vizuri neno hili udumavu. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda wala kuvimba. Anacheza, anacheka, mashavu yake pengine ni ya kupendeza. Mama yake haoni ubaya wowote, kwa maana watoto wa jirani nao wako hivyo hivyo. Mgeni akiuliza umri ndipo anaposhangaa. Lakini ubongo nao ulihitaji chakula katika miaka ile ambayo mwili ulikikosa. Sisi tuliosimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka thelathini tuliwaona watoto hao wakifika darasa la kwanza. Wengine tuliwaita wazito, na wengine, Mungu atusamehe, tuliwaita wavivu.

Ni kwa nini mkoa wenye ghala uwe na watoto wa namna hii? Sababu si moja. Yapo maradhi ya kuhara na maji machafu. Upo ugali mtupu wa sembe, asubuhi uji mweupe na jioni mboga kidogo. Lakini ipo na sababu ambayo haisemwi sana: mikono na saa za mama. Chakula kipo nyumbani, na wa kumlisha mtoto hayupo. Yuko barabarani, yuko shambani, yuko kuni, yuko msibani, na mara nyingine, tuseme kweli, yuko kanisani anawapikia wageni wa Padre.

3. SIKU YA MZANI

Jambo hili lilikwisha kujulikana katika mkoa wetu zamani. Mwishoni mwa mwaka 1983 Serikali yetu, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na kwa msaada wa fedha kutoka Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa bado ndani ya mkoa huu. Kila baada ya miezi mitatu ilifanyika siku ya afya ya kijiji: watoto wadogo wote walipimwa uzito, matokeo yakasomwa mbele ya Serikali ya kijiji, na watu wenyewe wakajadili chanzo na la kufanya. Kupima, kuchambua, kutenda. Kisha kupima tena. Mwaka 1984 watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa kama 6 katika kila 100. Mwaka 1988 hawakufika 2.

Twaomba ruhusa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka 1986 tulikuwa tukifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha huko juu milimani. Sayansikimu lilikuwa somo letu. Wanafunzi wetu waliweza kuyataja makundi ya vyakula wakiwa usingizini: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Mchana tulikwenda na watoto shamba la shule. Jioni tulikaanga maandazi ya kuuza asubuhi, maana mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu alishinda na msichana wa kazi.

Siku ya mzani tulikwenda tukiwa na fahari, kwa kuwa sisi ni walimu. Mtoto akatundikwa, akalia, akasomwa. Alama yake haikuangukia sehemu ya kijani katika kadi, iliangukia kijivu. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Wengi wao tulikuwa tukiwafundishia watoto wao.

Bibi mmoja wa kamati ya afya ya kijiji, ambaye kusoma alijifunza katika elimu ya watu wazima, hakutuaibisha. Aliuliza tu, "Mwalimu, mtoto huyu anakula mara ngapi kwa siku?"

Tukajibu kwamba ni mara mbili, mara nyingine tatu.

"Na saa nne asubuhi anakula nini?"

Tulikuwa na majibu yote ya makundi ya vyakula. Jibu la saa nne hatukuwa nalo. Saa nne sisi tulikuwa tukifundisha lishe.

Kwa mzani wa tatu tangu siku ile mtoto alikuwa amerudi katika kijani. Hatukupata utajiri katikati. Tulichofanya ni hiki: maandazi tuliyapunguza yakawa ya siku tatu kwa wiki, uji mzito wenye karanga ulipikwa alfajiri, ukafunikwa vizuri kwa ajili ya saa nne, na msichana akafundishwa kuupasha moto hadi uchemke kabla ya kumpa mtoto, na baba wa nyumba akaanza kumlisha mtoto yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wenzake walimcheka kwa wiki mbili, kisha wakachoka kucheka.

4. TUMBO LA MTOTO NI DOGO

Bwana wetu alipomfufua binti Yairo, yule wa miaka kumi na miwili, watu walistaajabu mno. Katika mshangao huo Yeye alikumbuka jambo ambalo wazazi walikuwa wamelisahau: aliagiza binti apewe chakula (Marko 5:43). Muujiza ulikuwa wa Mungu. Chakula kilikuwa kazi ya nyumba ile. Nasi tusimwombe Mungu afya ya mtoto huku bakuli lake likiwa tupu saa nne.

Haya ndiyo mambo ya kukumbuka jikoni:

(a) Siku 1,000 za mwanzo ndizo za kujenga. Zinahesabiwa tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kilichopotea hapo ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

(b) Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji yasiongezwe. Baada ya hapo anaanza chakula cha nyongeza, naye aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

(c) Mtoto ale mara nyingi. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kupokea kwa mara moja kinachotosha mchana kutwa. Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe chakula mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, na katikati apate kitu kidogo kama ndizi au kipande cha papai. Ugali wa mchana na wa jioni wa watu wazima haumtoshi.

(d) Uji wa maji maji hushibisha tumbo bila kulisha mwili. Hapa ndipo kimea kinapofaa, nacho kilifundishwa sana na wataalamu wetu wa lishe miaka ile. Loweka ulezi safi usiku mmoja, mwaga maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kama siku mbili hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, kisha usage. Pika uji mzito kuliko kawaida, uepue, uache upoe kidogo, halafu tia kijiko cha kimea na kukoroga. Utaona uji ule mzito unalainika na kuwa mwepesi kunyweka. Urudishe motoni uchemke kidogo. Sasa mtoto anakunywa kikombe kile kile, lakini ndani yake mna unga mwingi zaidi.

(e) Uji usiwe wa nafaka tupu. Utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au yai, au mafuta kidogo. Ugali wa dona una nguvu kuliko wa sembe nyeupe. Mahindi na karanga zenye ukungu zitengwe, zisisagiwe mtoto kwa kuona uchungu wa kutupa. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa.

(f) Vya kwetu tusividharau. Mbuyu uliokipa kijiji chetu jina unatoa tunda lenye vitamini C nyingi na madini ya chokaa. Unga wa ubuyu mweupe, usiotiwa rangi wala sukari nyingi, ukikorogwa katika uji au maji safi, unausaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde na mchicha. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Tunawauzia abiria ubuyu, kisha tunawanunulia watoto wetu soda. Hapo mfinyanzi amekwisha kukilia kigae.

5. JE, SI MARTHA ALIKEMEWA?

Mtu aweza kusema, "Mwalimu, wewe unaturudisha jikoni, na Bwana alimsifu Mariamu aliyeliacha jiko." Na tusome tena Luka 10. Martha hakukemewa kwa kupika. Bwana alikuwa mgeni katika nyumba ile, na chakula alikula. Alichomwambia ni kwamba anasumbuka na kuhangaika kwa mambo mengi. Jiko la Martha lilikuwa limemvuta huku na huku hata akasahau lilikuwa la nini. Sisi nasi twaweza kupika kutwa, tukajulikana barabara nzima kwa wali mzuri, na kusudi la jiko likatupotea. Kumwita Martha apunguze vyungu ni kumrehemu.

Mwingine atasema, "Mjane wa Sarepta alimlisha nabii kwanza, na yeye na mwanawe baadaye. Basi mgeni atangulie." Ni kweli, Eliya aliomba mkate wake utangulie. Lakini soma hadi mwisho wa habari. Unga wa lile pipa haukupunguka, wala mafuta ya chupa hayakukoma. Nabii, mjane na watu wa nyumba yake wakala siku nyingi. Mungu hakumtuma nabii wake akale chakula cha mtoto na kuondoka. Ukarimu ule uliishia katika bakuli la mtoto. Basi ukarimu wetu tuupime kwa kipimo hicho: mgeni akisha kuondoka, je, mtoto amekula?

Naye mwanamke wa Mithali 31, ambaye tunamsoma katika kila arusi, mtazame utaratibu wake. Mstari wa 15 anawapa watu wa nyumbani mwake chakula, na hata wajakazi wake wana sehemu yao. Mstari wa 16 analifikiria shamba na kulinunua. Mstari wa 18 anajua kwamba biashara yake ina faida. Mstari wa 20 anawanyoshea mkono maskini. Biashara hakukatazwa, wala sadaka hakuisahau. Lakini nyumba ilitangulia. Hatusemi mama aache vitunguu vyake akae nyumbani. Fedha ile ndiyo inayonunua daftari na sabuni. Twasema ipangwe siku ili mtoto asiwe wa mwisho katika orodha.

6. SAHANI YA MAMA

Sasa twafika mahali pagumu. Katika nyumba nyingi chakula kikiiva, sahani ya kwanza ni ya baba, ya pili ni ya wageni, kisha watoto wakubwa. Mama hubaki jikoni. Atakula ukoko na mchuzi uliosalia chunguni, akisimama, naye atakuambia ameshiba kwa harufu. Sisi Wakristo tumelisifu jambo hili. Tumeliita upendo, na msibani tukalitaja katika wasifu wa marehemu.

Wapendwa, Bwana aliagiza kumpenda jirani kama nafsi yako. Nafsi yako nayo imo katika amri ile. Mama mjamzito asiyekula vema huanza kumlisha mtoto wake njaa kabla hajazaliwa. Anayenyonyesha naye anahitaji chakula zaidi ya zamani. Mama mwenye upungufu wa damu akipata shida ya kutokwa damu wakati wa kujifungua, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe, visifichwe chini ya godoro kwa kuogopa kichefuchefu. Na miiko ya kale inayomnyima mama mjamzito mayai, iliyopo katika makabila mengi, haina nafasi katika nyumba ya Mkristo, kwa kuwa Bwana mwenyewe alivitakasa vyakula vyote.

Kula pamoja mezani, au mkekani, ni jambo la imani. Kila Jumapili tunapiga magoti kwenye meza moja, na Padre hawapi wanaume kipande kikubwa zaidi. Tukirudi nyumbani tusiijenge upya meza ambayo Kristo aliibomoa.

7. ALIYEPIKA KANDO YA ZIWA

Akina baba, hapa ndipo penu. Baada ya kufufuka kwake Bwana aliwatokea wanafunzi wake waliokesha wakivua bila kupata kitu. Walipofika pwani wakakuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate (Yohana 21:9). Nani aliyeuwasha moto ule? Aliyekwisha kuyashinda mauti. Aliwaita waje wafungue kinywa, kisha akawagawia kwa mkono wake. Hakuona aibu kwamba mtu mzima mwanamume amepuliza moto.

Hatuwaambii akina baba wote wavae aproni kesho. Lakini yapo mambo ambayo mwanamume Mkristo hawezi kuyakwepa. Kuni na maji ni mzigo wa nyumba nzima. Wewe mwenye baiskeli au pikipiki, ndoo mbili za maji kwako ni safari ya dakika chache. Jiko lenye moshi linaumiza mapafu ya mama na ya mtoto anayebebwa mgongoni. Kutoboa dirisha, kujenga jiko banifu lenye bomba la moshi, au kununua mtungi wa gesi ni kazi ya mwenye nyumba. Serikali nayo mwaka 2024 ilitangaza mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Fedha za vitunguu zikiuzwa, ya mayai na karanga itengwe kabla ya kufika kilabuni. Na mtoto kulishwa na baba yake si fedheha. Sisi tulishuhudia katika nyumba yetu kwamba uzito ulipanda.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Neno hilo halikuandikwa kwa akina mama peke yao.

8. KAZI YA WIKI HII

Mwalimu asiyetoa kazi ya nyumbani hajamaliza somo. Kwa muda wa siku saba andika katika daftari mambo matatu: saa ambazo mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba yako alikula, kile alichokula, na mahali ambapo mama wa nyumba alikula, je, ameketi au amesimama. Usimwonyeshe mtu kwa kumshitaki. Siku ya nane mketi pamoja, mume na mke, mlisome. Kisha mpeleke mtoto kliniki apimwe uzito na urefu, nanyi mjue alipo. Wasio na watoto wadogo wamwangalie mjukuu, au mtoto wa jirani ambaye mama yake ni mgonjwa au yuko peke yake. Umoja wa Akina Mama ungeweza kuwa na zamu: mmoja akienda barabarani kuuza, mwenzake awalishe watoto wa nyumba tatu saa nne.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni mashamba gani ya wengine ambayo sisi tunayalinda vizuri? Na la kwetu lina hali gani?
2. Katika nyumba zetu nani hula wa mwisho, na nani aliyeanzisha utaratibu huo?
3. Soma 1 Wafalme 17:8-16. Tungejuaje kwamba ukarimu wetu umeacha baraka nyumbani badala ya njaa?
4. Sherehe za kanisa letu huwachukua akina mama siku ngapi? Watoto wao hulishwa na nani siku hizo?
5. Ni kazi gani moja ya jikoni ambayo mwanamume aweza kuianza wiki hii bila kungoja kuombwa?

Tuombe: Ee Bwana, uliyewalisha wengi nyikani na kumkumbuka binti mmoja kitandani, zitazame nyumba zetu kando ya Ruaha. Utupe mkate wetu wa leo, na mikono ya kuugawa kwa haki. Umpe mama nafasi ya kuketi. Umfundishe baba kuuwasha moto bila kuona haya. Na watoto wetu wakue kwa kimo na hekima, kama wewe ulivyokua Nazareti. Amina.

Tukijaliwa, tukutane tena katika toleo lijalo. Madaftari tutayaulizia.